Siku ya kufa nyani: Jinsi Orioles walivyonyukwa 30-3 wakiwa nyumbani

AGOSTI 22, 2007 ilianza vyema kwa mkufunzi Dave Trembley wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles nchini Marekani. Wasimamizi wa klabu walikuwa wametangaza siku hiyo kwamba hatakuwa kaimu tena, na kwamba angeendelea kuiongoza timu katika msimu wa 2008. Kwa mtu aliyekuwa ametumikia ligi ndogo kwa misimu 20 akingoja kuitwa, habari hizo zilikuwa tamu kama asali.

Kabla ya jua la siku hiyo kuchwa, vijana wake walikuwa wametandikwa 30-3 na Texas Rangers katika uwanja wao wenyewe wa Camden Yards. Hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyokuwa imeingiza mikimbio 30 katika mechi moja tangu mwaka wa 1897. Wahenga walinena kuwa siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na jioni hiyo mjini Baltimore hapakuwa na tawi la kushika.

Kichapo cha aina hiyo huchekesha wengi na kusahaulika upesi. Hata hivyo, hiki kinastahili kutazamwa upya, kwani kinafichua jambo ambalo mashabiki wa soka si rahisi walitambue: katika besiboli, ukubwa wa kipigo haupimi tofauti ya uwezo baina ya timu mbili. Mara nyingi hupima bei ambayo mkufunzi ameamua kulipa ili ayaokoe mengine.

Besiboli haijaota mizizi katika eneo hili la Afrika, ila msomaji aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya na kuwatazama wasichana wakicheza raunda tayari anaielewa nusu yake. Mrushaji humtupia mpira mpigaji aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga vyema, hukimbia kuvizunguka vituo. Akivipita vyote vitatu na kurejea salama pale alipoanzia, timu yake huhesabiwa mkimbio mmoja. Akiupiga mpira ukavuka ua la uwanja, huzunguka kwa raha zake pasipo kusumbuliwa na yeyote, na wenzake wote waliokuwa vituoni huingia pamoja naye. Pigo hilo huitwa homurani, na likija wakati vituo vyote vitatu vina watu, huzaa mikimbio minne kwa mpigo.

Tofauti kubwa na soka ni kuwa besiboli haina saa. Kila timu hupewa zamu tisa za kupiga, na kila zamu huendelea hadi wapinzani wafaulu kuwaondoa wapigaji watatu. Jumla ni wapigaji 27. Timu inayoshindwa kuwaondoa wapigaji hao haina kipenga cha mwisho cha kuiokoa. Hata zile mbinu za kupoteza muda ambazo timu ya soka iliyozidiwa huzitumia, kama vile kipa kujilaza chini au mpira kupigwa jukwaani, hazifai kitu hapa. Sharti wapigaji 27 waondolewe, iwe ni kwa saa mbili au kwa saa tano.

Soka nayo ina maafa yake. Mnamo Aprili 11, 2001, Australia iliifunga Samoa ya Marekani mabao 31-0 katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia, na mshambuliaji Archie Thompson peke yake akapachika 13. Lakini pale kila mtu alijua ni kwa nini: taifa la wanasoka wa kulipwa lilikuwa limekutana na kisiwa kidogo kilicholeta chipukizi wengi. Mechi ya Baltimore ilikuwa kinyume kabisa. Orioles na Rangers walikuwa klabu mbili za ligi moja zilizokuwa zikisuasua pamoja. Msimu ulipomalizika, Rangers walikuwa na ushindi 75 na vichapo 87, wakashika mkia katika kitengo chao cha Magharibi. Orioles walikuwa na ushindi 69 na vichapo 93. Kati ya timu hizo kulikuwa na pengo la ushindi sita tu katika msimu wa mechi 162.

Rangers, kwa hakika, walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa msimu huo. Julai 31, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, walimwachilia nyota wao Mark Teixeira aende Atlanta Braves na kupokea chipukizi kadhaa, miongoni mwao Jarrod Saltalamacchia, mdakaji wa umri wa miaka 22 mwenye jina refu kupindukia (herufi 14, ambazo ziliwasumbua washonaji wa jezi si haba). Siku iyo hiyo walimpeleka mrushaji Eric Gagné katika klabu ya Boston Red Sox, na kwa mabadilishano hayo wakawapata mrushaji Kason Gabbard na mpigaji David Murphy. Majina hayo matatu yafaa kukumbukwa, kwani watu hao walikuwa na wiki tatu tu katika klabu walipofika Baltimore.

Mechi yenyewe ilianza kwa namna ambayo haikumwashiria yeyote yaliyokuwa njiani. Orioles ndio waliotangulia. Baada ya zamu tatu walikuwa mbele 3-0, na mrushaji wao Daniel Cabrera, jitu la futi 6 na inchi 9 kutoka Jamhuri ya Dominika, hakuwa ameruhusu mkimbio hata mmoja. Katika zamu ya nne Rangers waliingiza mitano na kuongoza 5-3. Hapo pia hapakuwa na ajabu. Mechi za 5-3 huchezwa kila siku.

Zamu ya sita ndiyo iliyolipasua bwawa. Cabrera aliondoka kabla ya kumwondoa mpigaji yeyote katika zamu hiyo, akiwa amehesabiwa mikimbio sita. Aliyeingia badala yake, Brian Burres, aliwaondoa wapigaji wawili tu na katika kufanya hivyo akabebeshwa mikimbio minane. Marlon Byrd alipiga homurani vituo vyote vikiwa vimejaa. Rangers walipomaliza zamu hiyo walikuwa wameongeza mikimbio tisa, na ubao ukasoma 14-3.

Mrushaji wa tatu, Rob Bell, alilipata la mwisho katika zamu hiyo ya sita, kisha akaipitisha zamu ya saba bila kuruhusu chochote. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba tufani imepita. Aliporejea kwa zamu ya nane, hakumwondoa mpigaji hata mmoja, na kufikia wakati alipopumzishwa na hesabu yake kufungwa, alikuwa na mikimbio saba dhidi ya jina lake. Katika zamu hiyo Travis Metcalf naye alipiga homurani ya mikimbio minne. Zamu ya nane ilizaa mikimbio 10, nayo ya tisa ikazaa sita.

Yaani mikimbio yote 30 ilipatikana katika zamu nne pekee. Katika zamu tano zilizosalia Rangers hawakuambulia kitu. Ni jambo la kushangaza kidogo, na linaeleza vyema jinsi mchezo huu unavyokwenda: si kipigo cha mfululizo, bali ni milango inayofunguka ghafla na kukataa kufungika.

Kwa jumla Rangers walipata mapigo 29 salama na homurani sita. Murphy, mmoja wa wale wageni wa wiki tatu, alipata mapigo matano. Hata hivyo, lililowastaajabisha wajuzi ni kuhusu wapigaji wa nafasi ya nane na ya tisa. Katika mpangilio wa besiboli, wapigaji hodari huwekwa mwanzoni na katikati, na wale dhaifu hutupwa mwishoni. Siku hiyo nafasi ya nane ilishikwa na Saltalamacchia na ya tisa na Ramon Vazquez. Kila mmoja wao alipiga homurani mbili, na kila mmoja mapigo yake yakaingiza mikimbio saba. Mikimbio 14 ilitoka mahali ambapo mrushaji kwa kawaida huvuta pumzi.

Swali ambalo mtu wa kawaida atauliza ni hili: kwa nini Trembley hakufanya lolote? Kwa nini aliwaacha watu wanne pekee wabebe mzigo wote huo ilhali alikuwa na warushaji wengine kwenye benchi?

Jibu ni kwamba Orioles na Rangers walikuwa na mechi nyingine ya kucheza siku iyo hiyo. Ratiba iliwataka wapambane mara mbili, ya pili ikianza punde baada ya ya kwanza kumalizika. Na katika besiboli mkono wa mrushaji ni kama akiba ya nafaka. Kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 140 au 150 kwa saa, mara nyingi mfululizo, huumiza bega na kiwiko. Mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku nne kabla ya kuanza nyingine. Wale wa akiba huweza kurudi kesho yake, lakini kwa kadiri tu. Mkufunzi anayemimina warushaji wake wote ili kukipunguza kipigo kutoka 30-3 hadi 20-3 atakuwa amenunua heshima ya jioni moja kwa hasara ya wiki nzima.

Trembley aliamua mapema kuihesabu mechi ya kwanza kuwa imekwenda. Kuanzia pale ubao uliposoma 14-3, kazi ya warushaji wake haikuwa tena kushinda, bali kuzimaliza zamu zilizobaki kwa gharama ndogo kabisa ya mikono. Kwa mantiki ya msimu wa mechi 162 hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kichapo cha tofauti ya mkimbio mmoja na kichapo cha tofauti ya mikimbio 27 huandikwa kwa uzito sawa katika jedwali la ligi: kichapo kimoja.

Aliyelipa gharama hiyo zaidi ya wengine ni Paul Shuey. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka 36, aliyewahi kuchaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa Marekani mwaka 1992 na klabu ya Cleveland, na aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga zaidi ya mara moja. Hakuwa amecheza katika ligi kuu tangu 2003. Alikuwa amejikongoja kurudi, akapata nafasi Baltimore, na jioni hiyo akatumwa uwanjani katikati ya gharika la zamu ya nane. Hakuwapo mwingine wa kumfuata. Aliwaondoa wapigaji sita waliokuwa wamesalia, na kwa kazi hiyo akahesabiwa mikimbio tisa. Baada ya msimu huo hakurusha tena mpira katika ligi kuu. Rekodi humtaja kama mmoja wa waliopigwa siku ile. Ni haki kusema pia kwamba kama si yeye, mwingine angebeba mzigo huo, na mechi ya pili ingeanza na benchi tupu.

Leo Trembley angekuwa na njia nyingine. Katika miaka iliyofuata wakufunzi wa ligi kuu walizoea kuwatumia wachezaji wasio warushaji kabisa, kwa mfano mlinzi wa kituo, kurusha mpira katika mechi iliyokwisha kupotea, ili kuihifadhi mikono ya kweli. Hakuna kanuni iliyomzuia kufanya hivyo mwaka 2007, ila haikuwa desturi, na wengi waliiona kama mzaha mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Mtindo huo ulienea mno hivi kwamba ligi ililazimika kuuwekea mipaka. Tangu 2023, timu inaruhusiwa kumtumia mchezaji kama huyo ikiwa imeachwa kwa mikimbio minane au zaidi, au ikiwa inaongoza kwa 10 au zaidi katika zamu ya tisa, au mechi ikiwa imeingia zamu za nyongeza.

Njia ya pili ambayo wengine huipendekeza ni kuisimamisha mechi. Katika mashindano mengi ya besiboli ipo kanuni inayoitwa ya huruma. Katika mashindano ya dunia ya mataifa, mechi humalizwa ikiwa timu moja imezidi kwa mikimbio 15 baada ya zamu tano, au 10 baada ya zamu saba. Katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, Pennsylvania, ambako vijana wa Lugazi kutoka Uganda waliandika historia mwaka 2012 kwa kuwa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki, tofauti ya mikimbio 10 baada ya zamu nne hutosha kuwarudisha watoto nyumbani. Lakini ligi kuu ya Marekani haijui huruma. Wanaolipwa ni watu wazima, na mchezo huchezwa hadi mwisho. Lau kanuni ya mashindano ya mataifa ingetumika Camden Yards, mechi ingekoma baada ya zamu ya saba kwa matokeo ya 14-3, na hakuna ambaye angeikumbuka leo.

Kuna kioja kimoja kilichozaliwa na ukaidi huo wa kanuni. Gabbard ndiye aliyeianza mechi kwa upande wa Rangers, na baada ya zamu sita akampisha Wes Littleton, aliyerusha zamu tatu za mwisho. Katika takwimu za besiboli ipo sifa anayopewa mrushaji wa akiba anayeulinda ushindi wa timu yake hadi mwisho. Aghalabu hupewa aliyeingia wakati wa hatari, timu ikiongoza kwa mkimbio mmoja hadi mitatu. Lakini kifungu kingine cha kanuni husema kuwa aliyerusha angalau zamu tatu za mwisho kwa ufanisi anastahili sifa hiyo hata kama pengo ni kubwa kiasi gani. Littleton alipoingia timu yake ilikuwa mbele kwa mikimbio 11, na alipotoka ilikuwa mbele kwa 27. Akaandikiwa kuwa ameuokoa ushindi. Msahihishaji yeyote wa gazeti angedhani ni kosa la chapa.

Kwa upande wa historia, rekodi ya juu kabisa ya ligi kuu ingali ile ya Juni 29, 1897, ambapo klabu ya Chicago, iliyoitwa Colts enzi hizo na sasa Cubs, iliibwaga Louisville 36-7. Tangu mwaka 1900, hata hivyo, hakuna timu nyingine iliyofikisha 30. Atlanta Braves walikaribia Septemba 9, 2020 walipowachapa Miami Marlins 29-9, nao Boston Red Sox wakawaadhibu Toronto Blue Jays 28-5 mnamo Julai 22, 2022.

Kabla ya Rangers, rekodi ya American League ilikuwa 29, iliyofikiwa mara mbili: Chicago White Sox dhidi ya Kansas City mwaka 1955, na kabla yao Boston Red Sox waliowanyuka St. Louis Browns 29-4 mnamo Juni 8, 1950, siku moja tu baada ya kuwalaza 20-4. Klabu hiyo ya Browns, baada ya kuandamwa na ufukara na mikosi mjini St. Louis, iliuzwa na kuhamishwa kabla ya msimu wa 1954. Ilikohamia ni Baltimore, na jina jipya iliyopewa ni Orioles. Hivyo basi klabu moja, katika miji miwili, ndiyo iliyoivunjiwa rekodi ile na pia hii.

Na mechi ya pili je, ile ambayo Trembley aliiwekea akiba ya warushaji? Ilikuwa mechi hasa, ya kukabana koo. Orioles walipigana na kuingiza mikimbio saba, zaidi ya mara mbili ya ile ya awali. Rangers wakaingiza tisa na kushinda 9-7. Kwa siku moja walikuwa wamekusanya mikimbio 39, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika American League kwa mechi mbili za siku moja.

Masaibu ya Orioles hayakukomea hapo. Mnamo Septemba 1 walikwenda Boston na kukutana na Clay Buchholz, kijana aliyekuwa akianza mechi yake ya pili tu katika ligi kuu. Hawakupata pigo salama hata moja katika zamu zote tisa, wakalazwa 10-0. Katika muda wa siku 11 walikuwa wameonja fedheha mbili kuu za mchezo huu: kupigwa kupita kiasi, na kushindwa kupiga kabisa.

Trembley alidumu hadi Juni 2010, alipofutwa kazi timu ikiwa na ushindi 15 na vichapo 39. Miezi miwili baadaye Orioles wakamwajiri Buck Showalter, ambaye alikuwa amefukuzwa na Rangers mwishoni mwa 2006 na nafasi yake kuchukuliwa na Ron Washington, yule yule aliyekuwa benchi ya Rangers siku ya 30-3. Kwa wakati huo Texas walikuwa wameanza kula matunda ya yale mabadilishano ya Julai 2007. Elvis Andrus na Neftali Feliz, waliotoka Atlanta pamoja na Saltalamacchia, walikuwa katika kikosi kilichofika fainali za World Series mwaka 2010 na tena 2011, ingawa walipoteza zote mbili.

Oktoba 5, 2012, timu hizo zilikutana mjini Arlington, Texas, katika mechi moja ya kuamua nani aendelee na nani arudi nyumbani. Washington upande huu, Showalter upande ule. Orioles, ambao walikuwa hawajafika hatua ya mchujo tangu 1997, walishinda 5-1.